Kigoma Haiko Nyuma: Filamu za Wakati Uliopinda na Siasa za Mwisho wa Reli

Zipo kauli mbili ambazo msomi wa Kitanzania huzitoa upesi mara tu filamu kama Arrival inapokwisha na taa zikawashwa. Ya kwanza ni ya kujidharau: hayo ni mambo ya wenzetu, sisi tunaohangaika na maji ya bomba na barabara za vumbi tutapata wapi nafasi ya kuhoji asili ya wakati? Ya pili ni ya kujisifu: Wazungu wamegundua leo walichokijua babu zetu tangu azali, kwani Mwafrika hauoni wakati kama mstari, bali kama duara. Kauli hizi husemwa kana kwamba ni mahasimu. Kwa maoni yangu ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu zote mbili humwondolea msemaji wajibu wa kufikiri. Wa kwanza hafikiri kuhusu wakati kwa kuwa bado hajafika. Wa pili hafikiri kwa kuwa alikwisha kufika.

Nitawapinga wote wawili, na ushahidi wangu nitautoa Kigoma na Ujiji, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sababu yake itaonekana mbele. Kwa sasa niseme tu kwamba hakuna mahali katika nchi yetu ambapo mstari ulionyooka wa wakati umewagharimu watu zaidi ya pale.

Kwanza filamu zenyewe. Arrival ilitoka mwaka 2016, ikaongozwa na Denis Villeneuve kutokana na hadithi ya Ted Chiang iliyochapishwa mwaka 1998. Vyombo kumi na viwili kutoka anga za mbali vinatua sehemu mbalimbali za dunia. Mwanaisimu Louise Banks anaitwa na jeshi la Marekani ili ajifunze lugha ya wageni hao, viumbe wenye miguu saba wanaoandika kwa duara: sentensi nzima hutoka kwa pigo moja, haina mwanzo wala mwisho. Kadiri Louise anavyoizoea lugha hiyo, ndivyo akili yake inavyoacha kuuona wakati kama sisi tunavyouona. Picha za binti yake anayeugua na kufa, ambazo mtazamaji alizidhania kuwa kumbukumbu, zinadhihirika kuwa ni mambo ambayo bado hayajatokea. Swali la filamu linabaki kuwa hili: ukijua kwamba mtoto utakayemzaa atakufa angali kijana, utamzaa? Louise anajibu ndiyo. (Aliyetaka kuitazama bila kujua mwisho wake anisamehe, ingawa filamu yenyewe inafundisha kwamba kujua mwisho si kuharibu mwanzo.)

Jambo moja hupita bila kutajwa. Viwili kati ya vyombo vile kumi na viwili vimetua Afrika, kimoja Sierra Leone na kingine Sudan. Hadithi haikai huko. Hatupati kujua mwanaisimu wa Freetown au Khartoum alianza na neno gani, wala lugha yake ilimwezesha kuona nini ambacho Kiingereza cha Louise hakikukiona. Filamu inayodai kwamba lugha ndiyo mlango wa wakati imetuonyesha lugha mbili tatu tu za dunia zikibisha hodi.

Nadharia inayoibeba filamu hiyo ni ya kale katika isimu. Katika miaka ya 1930 Benjamin Lee Whorf alidai kwamba Wahopi wa Arizona wana lugha isiyo na maneno wala maumbo ya kisarufi yanayotaja wakati kama sisi tuujuavyo, na kwa hiyo wanaishi katika ulimwengu mwingine. Madai hayo yalirudiwa madarasani kwa nusu karne. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kizima chenye mifano ya jinsi Wahopi wanavyotaja siku, misimu, jana na kesho. Lakini uwongo mtamu haufi kwa ushahidi, na Arrival ni kitukuu chake, japo ni kitukuu mwenye akili.

Sisi tulikuwa na Whorf wetu. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha African Religions and Philosophy. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za falsafa ya Mwafrika. Wakati, alisema, humtoka Mwafrika kwa kurudi nyuma, kutoka sasa kwenda zamani; wakati ujao ulio zaidi ya miaka kama miwili ni kama haupo. Ushahidi wake mkubwa aliutoa katika njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Simpunguzii Mbiti heshima yake: aliufungua mjadala ambao wengine waliuogopa, na aliufungua akiwapinga wamishenari walioiona Afrika kuwa haina fikra. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan. Hata hivyo kauli ya Mbiti imekuwa na maisha marefu kuliko majibu yake, na leo utaisikia kwa afisa mipango ambaye hajawahi kukishika kitabu hicho: watu wetu hawana utamaduni wa kufikiria kesho.

Basi tumjibu kwa Kiswahili alichokiazima. Baada ya leo kuna kesho, baada ya kesho kuna keshokutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Lugha inayoipa siku ya nne kutoka leo jina lake pekee haikukosa wakati ujao. Kiingereza cha Louise Banks hakina neno hilo. Kama njeo ndizo hoja, na misamiati ni hoja pia. Lakini sitaki kushinda kwa kamusi tu. Mkulima wa Kigoma hupanda mchikichi. Mti huo hungojewa kwa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huvunwa kwa miongo, na aghalabu anayekamua mawese yake si aliyeupanda. Mtu ambaye wakati wake ujao unakoma kwenye mwaka wa pili hapandi mchikichi.

Hapo wale wa kauli ya pili, wenzetu wa duara, watapiga makofi. Nawaomba wasubiri.

Ni kweli kwamba lugha zetu zina hazina katika jambo hili. Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, alionyesha kwamba mahali na wakati vinakaa katika kundi moja la fikra, ahantu. Kiswahili kinamuunga mkono kwa mofimu ndogo tuitumiayo kila siku bila kuiwaza: -po-. Nikisema “alipofika Ujiji”, ninataja wakati. Nikisema “pale alipofika”, naweza kuwa ninataja mahali. Ngano zetu huanza na “hapo zamani za kale”, na hapo ni neno la kuonyesha mahali. Jambo likifanyika bila kuchelewa tunasema limefanyika papo hapo. Ng'ambo ya mpaka, Warundi na Wanyarwanda, ambao lugha zao ni jamaa wa karibu wa Kiha, wana neno moja, ejo, kwa jana na kwa kesho. Mwenzake wa upande hubainisha kama ejo hiyo imepita au inakuja. Mwanafunzi akiyasikia haya kwa mara ya kwanza hudhani ameiona Arrival ikichezwa nyumbani kwao.

Lakini Kiswahili hichohicho kinasema “siku za nyuma” na “huko mbele”, kama lugha yoyote yenye mstari. Kinasema “maendeleo”, neno lililotokana na kuendelea, yaani kwenda na kuzidi kwenda. Hakuna sarufi iliyomlazimisha mtu kuuona wakati kwa namna moja. Mrundi mwenye ejo hachanganyi deni alilolipa na deni analodaiwa. Anayetuambia kwamba babu zetu waliishi ndani ya duara anarudia kosa la Whorf akidhani anajenga heshima yetu. Tena anatuvua jambo la thamani, kwani mtu aliye ndani ya duara hana la kuamua. Kila kitu kitarudi chenyewe.

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanalijua duara kuliko sisi wa vyuoni. Kazi yao ni ya usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, nyavu zinaanikwa na watu wanapumzika hadi giza lirudi. Huo ni wakati wa mduara, wenye hesabu kamili. Lakini muulize mvuvi mzee kama giza la mwezi huu huleta samaki sawa na giza la ujana wake. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa linapata joto, kwamba maji ya juu na ya chini yanachanganyika kidogo kuliko zamani, na kwamba chakula cha samaki kinapungua kwa sababu hiyo. Mwezi unarudi palepale. Dagaa hawarudi wote. Ndiyo maana nchi za ziwa zilikubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ikasitisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Duara lilikuwa limepinda na kuwa kitu kingine, na uamuzi wa watu ulihitajika.

Nimesema mstari umewagharimu watu wa Kigoma. Mstari huo una jina mitaani: mwisho wa reli. Jina hilo hutamkwa kwa mzaha, na wenyeji wengine hulitamka kwa fahari, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya wakati. Dar es Salaam ni mwanzo wa reli, na mambo mapya hushukia pale. Kigoma ni mwisho, na mambo huko hufika yakiwa yamechakaa. Umbali wa mahali unageuzwa kuwa umbali wa wakati. Hatusemi Kigoma iko magharibi, tunasema iko nyuma. Na aliye nyuma hana hoja ya kudai. Kilichobaki kwake ni kungoja zamu.

Sasa tazama jinsi historia inavyoukataa mstari huo. Kabla ya reli palikuwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo. Burton na Speke waliifuata wakafika Ujiji Februari 1858. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 iliifuata kwa sehemu kubwa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ya kisasa inayojengwa leo nayo inaelekea hukohuko. Katika mwaka 1914, basi, Kigoma ilikuwa mbele ya miji mingi ya Afrika Mashariki iliyo na jeuri leo. Haikurudi nyuma kwa kulala. Ilirudishwa: biashara ya ziwa ilikatwa na mipaka ya Wabelgiji na Waingereza, na baadaye na vita vya majirani.

Meli ya Liemba ni sura nyingine ya hadithi hiyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, wakikimbia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito ili siku wakirudi wazikute nzima. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi ikiwa na jina jipya. C. S. Forester alipata humo wazo la riwaya yake ya mwaka 1935, na John Huston akaifanya filamu, The African Queen, mwaka 1951. Katika filamu, meli ya Wajerumani inalipuliwa na kwisha. Hapa kwetu meli hiyohiyo iliwabeba akina mama na magunia ya mawese, dagaa na mahindi kwa miongo mingi baadaye. Na ilipowekwa kando kwa matengenezo makubwa, vijiji vya mwambao wa kusini viliingojea kama mtu anavyongoja kitu kipya. Ni ya jana au ya kesho? Warundi wangesema ni ya ejo, na wasingekuwa wanafanya ushairi.

Hata saa ya mkononi inashiriki siasa hii. Kigoma iko karibu na longitudo ya 30 mashariki, ilhali saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya 45, ambayo haikanyagi ardhi yetu hata kidogo. Matokeo yake jua la Kigoma huchomoza kiasi cha saa moja kamili asubuhi, dakika kama arobaini baada ya Dar es Salaam, na mtoto anayetakiwa awepo shuleni saa hiyo hutoka nyumbani kabla jua halijaonekana. Burundi, Kongo na Zambia, nchi tatu tunazochangia nazo ziwa hili, zote, kwa Kongo upande wake wa mashariki, zinafuata saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Mfanyabiashara anayeondoka Kigoma saa nne kwenda Kalemie anaelekea bandari ambako bado ni saa tatu. Hahitaji chombo cha angani. Maji ni yaleyale, jua ni lilelile, lakini saa ya Kigoma ni ya Dar es Salaam, iliyosafirishwa kwa reli.

Nimefika kwenye ziwa lenyewe, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo penye mzigo.

Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka na kina cha mita zipatazo 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Chini ya mita mia na kitu hakuna hewa ya oksijeni, na maji ya huko karibu hayapandi juu kabisa. Tope lililotuama kwenye sakafu yake limepangana tabaka kwa tabaka, na wanasayansi wakichimbua kipande chake wanasoma ukame na mvua za maelfu ya miaka kama mtu anayefunua kurasa. Yaliyopita hayakwenda popote. Yapo pale chini.

Lakini si lazima tuende chini hivyo. Katika karne ya 19 ziwa hili lilipanda juu sana. Mlango wake pekee wa kutokea ni Mto Lukuga, upande wa Kongo, na mlango huo ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Cameron aliufikia mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na wote walibishana na wenzao wa Ulaya kama kweli maji yanatoka hapo au hayatoki. Karibu mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Edward Hore, mmishenari aliyeishi Ujiji tangu mwaka huo, alishuhudia mkondo wa Lukuga ukienda kwa nguvu na maji ya Ujiji yakishuka. Katika miaka iliyofuata ziwa liliporomoka kwa takriban mita kumi. Nchi kavu mpya ikatokea, na watu wakahamia humo, wakalima, wakajenga, wakazaa. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, ufuko ulikuwa karibu na pale penye mnara wa kumbukumbu. Leo kutoka kwenye mnara hadi majini ni safari ya miguu. Ardhi unayoikanyaga katikati ilikuwa ziwa.

Maji yalirudi kupanda baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakafikia kilele mwaka 1964. Yakashuka tena. Kabla ya mwaka 2020 malalamiko yalikuwa kwamba ziwa linakauka na bandari zinakosa kina. Serikali za Tanzania na Kongo zilizungumza kuhusu kujenga kizuizi Lukuga ili maji yasiendelee kutoroka. Kisha, kuanzia 2020 na zaidi mwaka 2024, ziwa likapanda. Bujumbura ikaingiwa na maji, Uvira na Kalemie pia, na mwambao wa Kigoma ukapoteza fukwe, vibanda na sehemu za mialo. Ndipo tukasikia neno lile linalonikera kuliko yote katika lugha ya utawala: maafa yasiyotarajiwa.

Yasiyotarajiwa na nani? Ziwa lilikuwa limekwisha kufika pale. Lilifika 1878, likafika kwa kiasi 1964. Kuuita mgeni mwili wa maji unaorudi kwenye sakafu yake kunawezekana tu ikiwa unaamini kwamba yaliyopita yamepita, kwamba kila mwaka ni kituo cha reli ambacho treni ikishakiacha haikioni tena. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, lakini niwaulize wanasheria wetu: mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Mpimaji aliyekwenda ufukoni wakati ziwa limeshuka alipima kutoka maji aliyoyaona, akaandika kwamba kiwanja ni halali, na mama mwenye kibanda cha kukaanga migebuka akalipa ada zote. Maji yaliporudi, tukamwambia yeye ndiye aliyevamia. Huko kunaitwa kumwadhibu mtu kwa kuamini kalenda ya serikali.

Sasa rudi kwa Louise Banks. Tumezoea kuitazama Arrival kama fumbo la kifalsafa: je, kuna hiari ikiwa yajayo yanajulikana? Wenzangu wa vyuoni wanaweza kulijadili hilo hadi alfajiri. Kwa mtu wa Kibirizi au Ujiji swali si fumbo. Tunajua ziwa litapanda tena, kwa sababu limepanda. Tunajua litashuka tena, na likishuka ardhi itatamanisha, na mtu mwenye mhuri atapima viwanja. Louise alijua yajayo akayabeba pamoja na uchungu wake. Sisi tunayajua na tunajifanya hatuyajui, kisha tunaunda kamati. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa filamu hiyo ninayoipenda: maarifa ya wakati wote yanampatia mtu mmoja simanzi nzuri na mazungumzo ya simu yanayozuia vita. Hayamfikishi kwenye ofisi ya ardhi. Kipawa kinatoka mbinguni, kinakaa kifuani mwa mtu mmoja, na dunia inaokolewa bila yeyote mwingine kujifunza lugha ile.

La Jetée ya Chris Marker, filamu ya mwaka 1962 isiyofika nusu saa na iliyotengenezwa karibu yote kwa picha mnato, ilikuwa na ukali zaidi. Mtu anasafirishwa katika wakati kwa sababu tu ana picha moja ya utotoni asiyoweza kuisahau. Wanaomtuma wanahitaji kumbukumbu yake kama mtambo unavyohitaji mafuta. Kwa lugha nyingine, asiyekumbuka hasafiri.

Na katika eneo letu ipo Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, yenye dakika ishirini hivi. Inatukia miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Asha anatunza jumba la makumbusho la viumbe vilivyokwisha. Wakazi wa mji wake hulazimishwa kumeza dawa za kuzuia ndoto, kwani Asha akiota anaona mti, na mti si kitu kinachoruhusiwa kuwako tena. Ndoto ile ni kumbukumbu ya mti uliokuwapo na vilevile habari ya mti utakaokuwapo, filamu haitenganishi. Lakini tazama anachofanya Asha na maono yake. Hakai nayo. Anatoroka, anatembea jangwani, anachimba shimo, anapanda mche, anaumwagilia kwa maji yake ya mwisho. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la Afrika Mashariki kwa Arrival, japo lilitangulia kwa miaka saba.

Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya mwaka 2021, iko karibu zaidi na Kigoma. Ilipigwa Rwanda, hadithi yake imewekwa Burundi, na wahusika wake husema Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Wachimbaji wa koltani na vijana waliotoroka wanajenga kijiji kwa mabaki ya kompyuta. Katika mstari wa maendeleo, mchimbaji wa koltani yuko nyuma na mwenye simu yuko mbele. Filamu inawaweka katika sekunde moja, kwa kuwa simu haiwaki bila mkono wa yule. Ina kelele nyingi na wakati mwingine inajipenda kupita kiasi, lakini jambo hilo inaliona waziwazi. Swahiba zangu wanaoandika kurasa kumi juu ya Christopher Nolan hawajaitazama.

Nolan mwenyewe nampa sifa moja. Katika Interstellar ya mwaka 2014 kuna sayari ya maji ambayo saa moja juu yake ni miaka saba duniani; baba anarudi kutoka huko na kukuta wanawe wamezeeka kwenye jumbe zao za video. Watazamaji hulia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka ziwa. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ana watoto wake, na hali yake kwenye makaratasi inaitwa ya muda. Sijui tuliacha wapi machozi.

Ninachodai si kingi. Tanzania ilizindua Dira ya 2050 mwaka uleule wa 2025 ambao dira iliyotangulia ilikuwa imeuweka kuwa mwisho wa safari. Sina ugomvi na kutazama mbele. Nina ugomvi na ramani za mbele zisizo na mwaka 1878 ndani yake. Manispaa ya Kigoma Ujiji inaweza kuanza kesho, au hata mtondogoo: ipime mahali maji yalipofika 1878, 1964 na 2024, isimike nguzo za zege katika mistari hiyo mitatu kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, na iandike mwaka juu ya kila nguzo kwa rangi inayoonekana kutoka kwenye mtumbwi. Mpimaji atakayekwenda kugawa viwanja ziwa litakaposhuka tena azikute pale. Na jioni moja ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa hawana kazi, pafungwe shuka jeupe kwenye nguzo ya juu kabisa, waonyeshwe Pumzi.